Aliyebatizwa Hatiwi Kiapo

Jumamosi, tarehe kumi na moja ya mwezi wa nane, tulimzika Leah, mama yake Elia. Nimempoteza mtu wa mwisho niliyeweza kukaa naye kimya tangu asubuhi hadi jua kuzama bila mmoja wetu kudhani mwenzake amenuna. Mchungaji aliyetuzikia ni kijana, hana kosa, alisoma yale aliyoandikiwa. Alisema marehemu alikuwa mke wa Mwalimu Yeremia, yule shujaa wa imani aliyesimama imara kutetea uhai siku za giza, wapagani walipokuwa wakiua watoto wachanga. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeshika mchanga wa kutupa kaburini na sikuitikia kitu. Baada ya mazishi, wakati wali unapakuliwa, wazee wa kanisa waliketi kwenye viti vya kukodi wakazungumza habari za uchaguzi. Huyu mgombea hafai, walisema, ana neno la damu nyuma yake. Yule mwingine je? Ah, yule ni mtu wetu, hukosi kumwona ibadani, na yale mambo yake ni ya kiserikali, kanisa haliyaingilii. Nilikula wali wangu. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo hayo, karibu neno kwa neno, nikiwa mke kijana katika nyumba ya huyo shujaa wa imani, na kwa kuwa Leah hayupo tena kunizuia, nitayaandika.

Ulikuwa mwaka uliofuata miaka ile ya nzige, mwanzoni mwa miaka ya thelathini. Mume wangu alikuwa amekwenda Geita kwenye dhahabu, kama wanaume wengi wa upande wetu wa Samuye, na kwa kuwa haikuwa vizuri mwanamke mwenye mtoto mdogo kukaa peke yake, Mwalimu Yeremia alinikaribisha kwake. Mwalimu ndilo jina tulilomwita katekista, mtu aliyelisha kanisa neno kila Jumapili kwa kuwa mzungu wa misheni alipita kwetu kwa nadra. Nyumba yake ilikuwa na sebule yenye meza, na nyuma yake jiko la matete ambalo ukuta wake mmoja ulikuwa ndio ukuta wa sebule. Huko jikoni Leah na mimi tulisonga ugali wa mtama, tukachemsha nsansa, yale majani makavu ya kunde, na tukatafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, wakati wanaume wanakula kuku. Maneno ya sebuleni yalikuja kwetu yote. Sikuhitaji kutega sikio. Ningetaka kutoyasikia, ningelazimika kutoka nje.

Mwaka huo mwanangwa wetu alikufa. Mwanangwa ndiye aliyesimamia vijiji vyetu chini ya mtemi. Ndiye aliyeamua kesi, aliyekusanya kodi, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho yowe lilipopigwa. Nitaeleza yowe, kwa sababu vijana wa leo hawalijui. Mtu akipatwa na jambo, mwizi, simba, moto, hupiga yowe, na kila mwanamume anayelisikia hulipokea, hulipeleka mbele na kukimbia kule lilikotoka akiwa na silaha. Asiyekwenda alitozwa ng'ombe dume. Lilikuwa jambo zuri kwa simba. Lakini lilitumika pia kwa mabibi vizee. Mtoto akifa, mganga akitaja jina, yowe likipigwa, watu wote walikwenda, watu wote walipiga, na jioni hakuna aliyekuwa ameua.

Wawili walitajwa kushika nafasi ile. Wa kwanza alikuwa Luhende, mfugaji mzaliwa wa kwetu aliyehamishia boma lake ng'ambo ya mto, asiyebatizwa, mpenda pombe ya mtama, mtu wa sauti ya chini. Wa pili alikuwa Simeoni, aliyebatizwa, aliyewahi kuwa nyapara kwenye machimbo ya Geita, aliyevaa kofia ya kizungu na aliyetoa miti yote ya paa la kanisa letu. Bwana shauri, yule mzungu wa serikali, alikuwa amemwambia mtemi kwamba angependa pia kusikia kanisa linamwona nani anafaa. Sijui kama alijua alichokifanya. Wazee wetu wa kanisa hawakuwa wameulizwa jambo lolote na mtu yeyote tangu wazaliwe. Walivimba kama ndama aliyekula majani mabichi.

Kila mmoja wa wale wawili alikuwa na maiti nyuma yake. Sisemi hili kwa uchungu, ilijulikana tu. Luhende alipokuwa kijana, nyumbani mwake alizaliwa mtoto akaota meno ya juu kabla ya ya chini, na mtoto wa namna hiyo, kigego, wazee wa zamani walisema ataumaliza ukoo. Mtoto akachukuliwa, hakurudi. Simeoni naye, miaka miwili kabla ya haya ninayoeleza, alifiwa na mtoto kwa homa. Mganga akamtaja mjane jirani yake. Simeoni akapiga yowe. Mjane akafa njiani akienda kisimani, na mtungi wake ukabaki pale mpaka mvua ilipokuja. Jumapili iliyofuata kanisa lilimwombea Simeoni kwa kufiwa na mtoto. Jina la mjane halikutajwa. Nilikuwepo.

Sasa wazee wakamwita Luhende. Alikuja asubuhi baada ya kukamua, akiwa na fimbo yake na hirizi yake mkononi, na kwa sababu ya hirizi hawakumruhusu kuingia kanisani, wakamsimamisha uani juani wakati wao wameketi kwenye kivuli cha ukuta. Akawaamkia wote kwa heshima, mmoja mmoja. Mzee Zakaria, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa kanisa na mwenye tumbo la kushuhudia, akamuuliza habari za yule mtoto. Sisi wanawake tulikuwa tunafagia upande wa pili. Luhende hakukana. Alisema, "Mtoto alikuwa wangu. Wazee walisema, mimi nikanyamaza. Nilikuwa kijana, lakini mdomo nilikuwa nao."

Yeremia alifungua Biblia akasoma amri ya sita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mashamba. Alisema damu ya mtoto inalia kutoka ardhini, kwamba asiyejali uhai mdogo hawezi kupewa uhai mkubwa, kwamba jambo hili ni moja tu na haliwekwi pamoja na mengine. Maneno mazuri. Nimeyakumbuka miaka yote hii kwa sababu sikupata kuona kosa ndani yake. Kisha wakamtaka Luhende aape mbele ya watu kwamba ameacha. Aliwatazama kidogo, akainama, akaokota udongo, akauweka juu ya ulimi wake, akaumeza. Akasema, "Katika boma langu hatauawa mtu tena kwa maneno ya watu. Awe mchanga, awe mzee." Zakaria akacheka kichinichini, akamnong'oneza jirani yake kwamba mpagani hata kula udongo anaona raha. Wakamwambia aende. Walikuwa wameshaamua kabla hajavuka mto.

Siku mbili tatu baadaye Simeoni alialikwa chakula nyumbani kwetu. Tulichinja jogoo. Wanaume waliketi mezani, Yeremia, Zakaria na mgeni, na Yeremia akampa Simeoni firigisi kwa mkono wake mwenyewe, heshima ambayo hata mzungu wa misheni hakupewa, labda kwa sababu hakuitaka. Walizungumza juu ya paa la kanisa. Walizungumza juu ya shule ambayo Simeoni angeijenga. Alisimulia habari za Geita, jinsi shimo lilivyowaangukia watu aliowateremsha mwenyewe, na namna alivyowaambia ndugu zao kwamba dhahabu haitoki bila mtu. Wakatikisa vichwa kwa huzuni iliyomalizika kabla ya kumaliza paja la kuku. Leah aliingia na maji ya kunawa. Alipiga magoti, akawamiminia mmoja mmoja, na alipofika kwa mumewe hakuinuka.

"Mwalimu, naomba kuuliza neno."

"Uliza, mama Elia."

"Luhende ameulizwa habari za damu. Baba huyu naye ataulizwa lini?"

Zakaria alicheka mpaka mchuzi ukamwingia puani. Alisema, "Mwalimu, umeoa bwana shauri." Simeoni hakukasirika. Alikuwa mtu wa adabu mezani. Alijibu kwa upole kwamba yule mjane yeye hakumgusa hata kwa kijiti, alifika wakati mambo yamekwisha.

"Yowe alilipiga nani, baba?"

"Nililipiga mimi. Nilikuwa nimefiwa, mama. Hiyo ni haki ya mfiwa."

"Basi ale udongo kama mwenzake," Leah alimwambia mumewe. "Aseme tu maneno yale yale. Hayatamwumiza."

Hapo Yeremia akazungumza kwa sauti yake ya Jumapili. Alisema Bwana Yesu amekataza viapo, kwamba maneno yetu yawe ndiyo kwa ndiyo na siyo kwa siyo, kwa hiyo aliyebatizwa hatiwi kiapo. Mpagani anaweza kuapa kwa sababu dhambi hiyo kwake haiongezi kitu. Kisha akaongeza kwamba kuua mtoto ni kuua, lakini yowe ni la watu wote, ni mambo ya nchi, na mambo ya nchi yana wenyewe. Leah aliinuka na lile bakuli la maji machafu. Nilikuwa mlangoni; nilimwona mumewe anavyojifuta mikono, kidole kimoja kimoja, na tangu siku ile sijaweza kumheshimu mtu kwa sababu tu ya kujua Maandiko. Alikuwa amepata aya ya kumsimamisha mmoja juani na aya ya kumketisha mwingine mezani, na zote mbili zilikuwa za kweli.

Leah hakuwa anauliza kwa ajili ya mjane aliyekwisha kufa. Mama yake, Bibi Minza, aliishi peke yake mwendo mfupi kutoka kwetu, katika vijiji ambavyo mwanangwa mpya angevisimamia, na macho yake yalikuwa mekundu. Macho ya bibi yeyote aliyepika miaka yote kwa samadi kavu huwa mekundu, kwa sababu kwetu miti imekwisha na moshi wa samadi unakula macho. Kila mtu alijua. Hata hivyo kila mtu alijua pia mganga anatazama nini kwanza. Usiku ule sikuwa na haja ya ukuta wa matete. Leah alizungumza na mumewe kwa sauti ya kawaida. Alimwambia anaogopa. Yeremia akamjibu kwamba ni moshi tu, nani asiyejua. Leah akasema mjane naye alikuwa na moshi. Baada ya hapo nilisikia kitanda kikilia, mtu amegeuka upande.

Simeoni akawekwa. Kanisa lilimwombea, likampigia vigelegele, naye akatoa ng'ombe. Sitasema alikuwa mwanangwa mbaya kwa kila kitu. Barabara ya kwenda Shinyanga ililimwa, na wezi wa mifugo walipungua. Wazee wa kanisa walipenda sana kuhesabiana mema hayo, kama watu wanaoweka mawe juu ya kitu wasichotaka kifumuke. Kisha, kiangazi kilipoingia, ndama wake wakaanza kufa. Siku ya gulio, mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza chumvi alimvuta Leah pembeni akamwambia mganga ameitwa, na kabla hajaja ameshasema adui yuko upande wa machweo, peke yake, hana mume. Upande wa machweo wa boma la Simeoni wanawake wasio na mume walikuwa wawili. Mmoja alikuwa bado kijana, mwenye kaka wakali.

Leah alimwendea mumewe mara moja zaidi, akamwomba amlete mama yake alale kanisani. Yeremia alisema kanisa si kimbilio la watu wanaotuhumiwa kabla ya kutuhumiwa, kwamba ingeonekana anamshuku mwanangwa, na kwamba ataliombea. Kesho yake asubuhi Leah na mimi tulichukua vikapu kama tunaokwenda kutafuta mtama, tukampitia Bibi Minza. Alikataa kuondoka bila kuku wake. Tukavuka mto, ambao ulikuwa mchanga mtupu, mimi nikiwa na mwanangu mgongoni na Leah na kuku kwapani, naye bibi akituuliza njia nzima ni nani amekufa, maana hatukuwa tunaimba.

Luhende alikuwa anashona kamba ya ngozi. Alisikiliza. Aliuliza jambo moja tu, kama bibi ametajwa, na Leah alipomjibu kwamba hajatajwa kwa jina, lakini ametajwa, akaacha kushona.

"Na nyinyi wa kanisa mmekosa pa kumweka?"

Leah alimteremsha kuku kutoka kwapani.

"Mlinilisha udongo mbele ya watu, mama Elia. Mnadhani nimesahau ladha yake?" Akamwita mkewe aandae ngozi ya kulalia. "Aingie. Na huyo kuku mfungeni, nina mbwa mjinga."

Sikumpenda Luhende siku ile, wala baadaye. Niliona mkewe alivyompokea Bibi Minza bila kumtazama mumewe, na nikafikiri habari za yule mtoto, ambaye angekuwa mtu mzima, mwenye ndevu au mwenye watoto. Hakuna alichofanya Luhende kilichomrudisha. Ninachosema ni kidogo zaidi: kwamba kati ya wale wawili, mmoja aliulizwa na mwingine hakuulizwa, na kwamba aliyeulizwa alifanya alichoahidi.

Yowe lilipigwa siku ya tatu, jua likiwa bado juu, wakati tunapepeta. Lilitoka upande wa boma la mwanangwa, likapokewa, likapita juu ya nyumba yetu. Yeremia alitoka sebuleni akiwa anafunga kamba za viatu vyake, akachukua bakora yake. Leah alisimama mlangoni akamuuliza anakwenda wapi.

"Yowe limepigwa. Nikibaki nitatozwa dume."

"Ni kwa mama yangu."

"Nitakwenda niwatulize," alisema, akampita. Hakujua kwamba bibi hayupo. Leah hakuwa amemwambia, na nadhani alitaka kuona kama atakwenda.

Alirudi jioni, viatu vyake vyeupe kwa majivu. Nyumba ya Bibi Minza ilikuwa imechomwa tupu, na vyungu vyake vimevunjwa kimoja kimoja. Zakaria, aliyekuwa huko pia, alimsifu Mwalimu mbele yetu kwamba alisimama nyuma muda wote na hakutupa hata kijinga kimoja cha moto. Alilisema hilo kama sifa, naye Yeremia akainamisha kichwa kama mtu anayesifiwa. Kutoka hapo, baadhi yao walikuwa wamefuata nyayo mpaka mtoni. Bibi Minza ndiye aliyetusimulia baadaye yaliyofuata. Simeoni alisimama upande wetu wa mto akapiga kelele kwamba anamtaka mchawi wake, na Luhende, aliyekuwa anakamua, akamjibu bila kusimama kwamba waje, lakini waje polepole, ng'ombe huyu ana ndama mchanga na akishtuka huficha maziwa. Vijana wake walikuwa wameketi zizini na mikuki. Kule ng'ambo hakukuwa kwa Simeoni. Palikuwa na mwanangwa mwingine. Walisimama kidogo mchangani, wakarudi.

Kesi ikaja, na ilikuwa kesi ya Leah. Wazee waliketi sebuleni, wakala, wakamwita. Hakuulizwa habari za moto. Aliulizwa kwa nini alimpeleka mzazi wake, aliyekuwa katika darasa la ubatizo, akalale katika nyumba ya mpagani mwenye damu ya mtoto mchanga. Zakaria alimwuliza kwa machozi, kwa kweli yalikuwa machozi, kama hakuona uchungu kumkabidhi mama yake kwa muuaji. Leah alisema alitafuta nyumba ambayo mwenyewe ameapa, akapata moja tu. Walilichukua jibu hilo kuwa dharau, na nadhani safari hiyo hawakukosea.

Jumapili kanisa lilijaa. Simeoni alikaa mbele na kofia yake magotini. Yeremia aliombea uongozi wake, akaombea mifugo yake, kisha akasoma kwa sauti ile ile jina la mkewe, kwamba amezuiliwa Meza ya Bwana mpaka atakapotubu, akamuuliza kama amesikia.

"Nimesikia," Leah alisema.

Walipoanza kugawa mkate aliinuka akatoka, nami nikambeba mwanangu nikamfuata. Hakuna aliyegeuka kututazama. Walikuwa wameinamisha vichwa. Tulipitia nyumbani tukachukua unga, tukavuka ule mto mkavu. Bibi Minza alikuwa ameketi uani kwa Luhende pamoja na watoto wa pale, wanamenya karanga, na mwanangu mara akateremka mgongoni akaenda kujiunga nao. Bibi alitutazama, akalitazama jua lilikofika.

"Ibada imekwisha mapema leo?" aliuliza.

"Imekwisha, mama," Leah alisema, akaketi chini, akavuta ungo karibu, akaanza kumenya.